Maktaba Yenye Kipepeo

Siku ya kuchagua maktaba, ofisi nzima ilikuja imechana nywele. Hakuna aliyeambiwa achane. Bosi alikuwa ametangaza tu kwamba picha zitapigwa, na watu wa ofisi ile walikuwa hodari wa kulielewa tangazo kwa namna inayowafaa wenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu hiyo maktaba, maana Msasa, mmoja wa watu wa ofisi ile, ana shangazi ambaye ndiye aliyekuja kuumia kwa mambo haya yote, na mpaka leo shangazi huyo anadhani ni nyumba yenye vitabu. Kwa watu wa kompyuta, maktaba ni furushi la kazi iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine. Unalichukua, unalishonea kwenye programu yako, huhangaiki kuanza mwanzo. Unataka programu ya simu ipige picha? Ipo maktaba. Unataka picha ipunguzwe uzito ili ipite kwenye mtandao unaosuasua? Ipo. Bosi aliamini kwamba chochote anachotaka binadamu, kuna mtu mbali huko amekwisha kukifanya, tena vizuri, tena bure, na kazi ya ofisi yake ni kuchagua tu. Kwa hiyo walikuwa wanachagua. Waliwahi kuchagua maktaba ya kugeuza picha upande, halafu wakakaa kikao kingine kuchagua maktaba ya kuirudisha ilivyokuwa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la magodoro. Kila asubuhi mwenye duka aliyatoa magodoro nje akayachapa fimbo, na vumbi lote likapanda dirishani kwa wataalamu. Walikuwa watatu. Bosi hakuwahi kuandika programu hata moja, lakini aliweza kuzizungumzia mpaka mate yakamkauka. Rangi alikuwa dada wa kupanga sura na rangi za programu, ndiyo maana wakamwita hivyo. Msasa ndiye aliyeandika programu, yaani ndiye aliyefanya kazi. Uso wake ulikuwa umechimbikachimbika kwa chunusi za ujanani, na jina hilo alipewa shuleni likamfuata mpaka kazini, utadhani liliandikwa kwenye cheti chake. Alikuwa akiitika huku anacheka. Alikuwa halipendi hata kidogo.

Safari hii kazi ilikuwa nzito. Kliniki moja ya vidonda sugu, vile vya watu wenye kisukari, ilitaka programu ya simu. Mgonjwa akae kwake, apige picha kidonda chake, picha iende kwa daktari, daktari aangalie na kumjibu: endelea na dawa, au njoo haraka. Kilichokosekana ni maktaba ya kupiga picha, kuitengeneza na kuituma, hata kwa simu ya bei ya chini.

Baada ya kuchuja, zilibaki maktaba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya wazee. Ilikuwa imara, haichagui simu, na ukiwauliza wenyewe swali walikujibu kwamba jibu liko kwenye mwongozo, na kwamba ungekuwa umesoma usingeuliza. Bosi alisema hawa watu hawana utu. Ya pili ilikuwa nzuri pia, ila aliyeitunga alikuwa ameandika kwenye ukurasa wake kwamba ameachana na kompyuta, sasa anafuga nyuki, na anayetaka asali amtafute. Ya tatu ilikuwa mpya, ina kipepeo kwenye nembo yake, na watu kwa maelfu walikuwa wameipa nyota.

"Nyota zote hizi!" Bosi alisema, akigonga kioo kwa kidole. "Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga."

Msasa alitaka kusema kwamba watu wote hao walikuwa wanapiga picha sura zao, si vidonda. Akaona asubiri majaribio.

Kidonda cha kujaribia hakikuwepo. Rangi alipendekeza waombe hata picha chache kule kliniki. Bosi akasema hakuna haja ya kusumbua wagonjwa, ngozi ni ngozi, na sisi sote hapa tunayo. Basi wakapigana picha za nyuso.

Maktaba ya wazee ilisema kweli. Ilimtoa Bosi na mifuko chini ya macho, na kidevu cha pili ambacho mkewe alikuwa anakijua ila yeye hakijui. Ilimtoa Rangi na kipele cha puani alichokipaka poda asubuhi nzima. Msasa alitoka Msasa.

"Hii inatia chumvi," Bosi akasema, na akaifuta picha yake mwenyewe kabla watu hawajaizoea.

Ikaja zamu ya kipepeo. Bosi alirudi ujanani. Mifuko ikaisha, kidevu kikabaki kimoja, na ngozi ikawaka. Aliishika simu mbali, akaileta karibu, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. "Haya sasa," alisema kwa sauti ya chini, "hii ndiyo teknolojia." Rangi alijipiga picha mara nyingi kuliko majaribio yalivyohitaji. Kisha akamgeuzia Msasa ile simu. Kwenye kioo kulikuwa na kijana mwenye macho yake, pua yake na shati lake, na uso laini kama ganda la yai.

"Kumbe we ni mzuri hivi?" Rangi akauliza, na hakuwa anatania. Tangu waanze kufanya kazi pamoja hajawahi kumsemesha jambo lisilohusu vitufe.

Hapa ndipo penye shida. Msasa alikuwa amesoma mwongozo wa kipepeo kabla ya kuja. Alijua kwamba maktaba ile, usipoiambia vingine, inalainisha ngozi yenyewe: inafuta madoa, inaziba mashimo, inasawazisha rangi mpaka palipochubuka pafanane na pazima. Alijua pia kwamba kuizima ni kubadili neno moja tu. Alikuja kikaoni na maneno hayo yako mdomoni. Sasa akayameza. Maana angeyasema, Bosi angemwambia izime tuone, na yule kijana wa kwenye kioo angetoweka mbele ya macho ya Rangi. Akajiambia ataizima kimyakimya kabla wagonjwa hawajaanza kuitumia. Kura ikapigwa, mikono yote ikapanda, na wa Msasa haukuwa wa mwisho.

Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mtu aliyeonekana mzuri kwa mara ya kwanza, na mtu wa namna hiyo usimpe kazi ya kuchagua kitu.

Wiki ile hakuizima kwa sababu ya kazi. Wiki iliyofuata Bosi alikuwa ameshawaonyesha wakubwa wa kliniki picha yake mwenyewe, wakafurahi, na mmoja akaomba apigwe na yeye. Msasa aliiweka ile yake kwenye ukurasa wake wa simu, hapo watu wanapokuona kabla hawajakuandikia. Rangi akaanza kumletea chai. Mpaka programu inafunguliwa kwa wagonjwa, lile neno moja lilikuwa palepale, na Msasa akawa hata halikumbuki. Tunasahau upesi sana yale yanayotupendeza tukiyasahau.

Mgonjwa wa kwanza kuwekewa alikuwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa fundi wa nguo, na ndiye aliyemlea Msasa toka akiwa mdogo. Cherehani yake ya miguu ilikaa chumba cha mbele, mlangoni kabisa, ili akishona aone nani anapita na amevaa nini. Mguu wa kulia ndio uliokuwa unakanyaga, wa kushoto unafuata tu. Na mguu huohuo wa kulia ndio uliokanyaga sindano iliyoanguka, chini ya kidole gumba, na kwa kuwa alikuwa na kisukari, kitobo kikageuka kidonda. Kila wiki alipanda basi, akashuka, akapanda jingine mpaka kliniki. Daktari alifungua bandeji, akainama, akaangalia, akanusa, akafunga. Kidonda kilikuwa kinapungua polepole, lakini kinapungua.

"Shikamoo Shangazi. Leo nimekuletea dawa ya mabasi," Msasa akamwambia, akamwonyesha jinsi ya kufungua, kulenga na kutuma.

"Marahaba mwanangu. Yaani nisiende tena?"

"Usiende. Daktari atakuona hapahapa."

Shangazi aliigeuza simu, akaikagua nyuma na mbele kama anayekagua pindo. "Ataona sawa. Na kunusa je? Yule daktari ananusa, we hujamwona."

Msasa alicheka sana. "Programu hainusi, Shangazi."

"Haya. Nyie ndio mmesoma," Shangazi akasema, na toka siku hiyo kila aliyeleta kitambaa aliambiwa habari za mtoto wa kaka yake aliyetengeneza kitu cha kumleta daktari ndani ya simu.

Programu ilishika moto. Vidonda vilivyowatesa watu miaka vilikuwa vinafunga kwa siku chache, na hakuna aliyeuliza ni dawa gani iliyobadilika. Daktari, ambaye zamani alikuwa na foleni mpaka nje ya geti, sasa alikaa kwenye kiti cha kuzunguka akipitisha picha kwa kidole gumba, mguu baada ya mguu, yote safi. "Inaendelea vizuri," aliandika. "Endelea na dawa." Alifika mahali akatengeneza jibu la kubofya mara moja. Bosi alibandika ukutani mchoro wa mstari uliopanda kwenda dari, na akaacha kusema "tunatengeneza programu". Sasa alikuwa anasema "tunatibu". Kliniki ikaleta keki. Mwenye duka la magodoro naye alipewa kipande, na akakubali siku hiyo kuchapa magodoro yake upande wa pili.

Mara mojamoja Shangazi alipiga simu.

"Mwanangu, kinauma."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema kinapona."

"Basi kinapona. Kidonda kinachopona kinauma, hujui?"

"Haya," Shangazi alisema. Siku nyingine aliuliza kama kuna namna ya kuongea na daktari kwa mdomo. Msasa akamwambia hiyo itakuwa kwenye toleo lijalo.

Alikwenda kumtazama Jumapili moja, mikono mitupu kama kawaida yake. Njiani alijua kuna kitu, maana cherehani ilikuwa kimya, na nyumba ile cherehani haikuwahi kunyamaza mchana. Shangazi alikuwa amekaa kitandani na mguu amefunika kwa khanga. Chumba kilikuwa na harufu. Msasa aliisikia akiwa bado mlangoni, tamu na mbaya.

"Usifunue," Shangazi akasema. "Ni uchafu wangu tu. Daktari anasema kimepona, mi ndo sijui kukisafisha. Nimeona haya hata kukwambia."

Msasa aliikunja khanga. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na cha pili yake kilikuwa kinakifuata. Akatoa simu. Alikuwa mtu wa kompyuta bwana, hata penye maiti angetaka kwanza ushahidi. Akafungua programu yake, akalenga, akabofya. Kwenye kioo ukatokea mguu laini, wa rangi moja toka kisigino mpaka kucha, mguu wa bibi harusi. Akautazama wa kwenye kioo, akautazama wa kitandani. Lile neno moja alilolisahau likamrudia lote, herufi kwa herufi, na akamkumbuka Rangi na ile "kumbe", na mkono wake ulivyopanda bila kusitasita. Aliona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke.

Alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Kule kliniki daktari aliufungua mguu, akainama, na kabla hajanusa alikuwa ameshajua. Akachukua simu yake, akatafuta picha ya jana, akaishika pembeni ya mguu.

"Huu ni wa nani?" akauliza.

"Ni wa kwangu," Shangazi akamjibu. "Si ulisema unaendelea vizuri?"

Daktari akailaza simu kifudifudi mezani, akavaa glavu. Vidole viwili vikakatwa siku ileile.

Jumatatu ofisini Msasa aliwaeleza wenzake kila kitu, isipokuwa kipande kimoja, kile cha kwamba alijua. Bosi alisikiliza mikono iko kichwani. Akasema pole, pole sana, na ilimtoka moyoni. Kisha akasimama mbele ya mchoro wake ukutani.

"Tusikurupuke," akasema. "Tukiitoa hii maktaba, huu mstari utakuwaje?"

"Utashuka," Msasa akasema.

"Ndo maana nasema tusikurupuke. Hakuna maktaba ya kuweka juu yake? Hii inalainisha, sawa. Tutafute nyingine inayokwaruza. Zikikutana, si picha inarudi ilivyokuwa?"

Rangi alitoa wazo la kuweka kitufe, mgonjwa achague mwenyewe: kidonda cha kawaida, au kidonda kizuri. Bosi akalipenda. Akaita kikao, akataka majaribio mapya, na kwa kuwa kidonda cha kujaribia bado hakikuwepo, akaanza kujifunga tai.

Msasa hakungoja kikao. Alikaa kwenye meza yake, akafungua ule mstari, akabadili lile neno, akatuma kwa simu zote. Alimaliza kabla Bosi hajamaliza kufunga tai. Wakati Bosi anajilenga kwa picha ya kwanza ya majaribio, kidevu cha pili kilikuwa kimesharudi.

"Nani ameiharibu?" Bosi akapiga kelele.

Siku chache zilizofuata simu ya kliniki haikupumzika. Wagonjwa waliopona walikuwa wameugua tena wote kwa mpigo, na baadhi walitishia kwenda kwa wakubwa, maana vidonda vyao vilikuwa vimefunga vizuri kabisa mpaka hii programu ilipobadilishwa. Bosi aliandika tangazo la kuomba radhi kwa hitilafu ya toleo jipya. Aliahidi kwamba wataalamu wanashughulika kurudisha huduma ilivyokuwa. Foleni ilirudi mpaka nje ya geti, na daktari akarudi kuinama. Waliokuja walikuwa na bahati. Wapo ambao kliniki iliwapigia, simu zao zikalia bila kupokelewa.

Mchana mmoja Msasa alikwenda wodini. Shangazi alikuwa ameegemea mito, mguu umeinuliwa, bandeji nyeupe imekuwa fupi kuliko mguu ulivyotakiwa kuwa. Aliuliza habari za cherehani kabla ya habari za mtu yeyote. Msasa akasema ameifunika isiingie vumbi.

"Daktari anasema nisikanyage," Shangazi akasema. "Nikamuuliza mpaka lini, akaangalia dirishani."

Msasa alikuwa amekuja na maneno mengi ya mitambo na mipangilio. Yote yakamkauka. "Shangazi, mi nilijua," akasema. "Toka siku ya kuchagua. Nilijua inafuta vidonda, nikanyamaza."

Shangazi akamgeukia. "Ulinyamaza kwa nini?"

"Ilinipiga picha na mimi. Nikaona nimependeza."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Shangazi alimwangalia usoni, shimo kwa shimo, uso alioukanda kwa maji ya moto na kuupaka kila dawa aliyosikia inasifiwa, enzi zile Msasa akilia kwamba haendi shule.

"Ulipendeza sana?"

"Sana."

"Hebu nione."

Msasa akatoa simu. Picha ilikuwa bado palepale kwenye ukurasa wake, hakuwahi kuitoa. Shangazi aliipokea, akaishika mbali kidogo kwa sababu ya macho yake, akamtazama yule kijana laini kwa uangalifu kama anayempima shati. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Huyu simjui," akasema, akamrudishia simu yake. "Lakini ana miguu yote miwili. Mwambie Jumatatu asubuhi aje anikanyagie cherehani. Nina nguo za watu."